Jina la Aliyenyongwa: Alama za Kihistoria za Mji wa Songea na Lugha Inayozibeba

Ikisiri

Mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, una alama za kihistoria ambazo kwa kawaida huelezwa na wanahistoria na maofisa wa utalii. Makala haya yanazichunguza alama hizo kwa jicho la isimu na fasihi. Hoja yake ni kwamba alama kongwe kuliko zote mjini humo ni jina la mji wenyewe, na kwamba maneno ya Kiswahili yanayotumiwa leo kuzieleza alama nyingine yamehifadhi sehemu ya historia ya Vita vya Majimaji na kuifunika sehemu nyingine. Makala yanajadili historia ya jina Songea, vyeo vya nkosi, nduna, sultani na chifu, kaburi la pamoja la 1906, majina ya kata za mji, Mto Ruvuma na daraja lake, pamoja na nafasi ya Ungoni katika fasihi ya Kiswahili inayohusu vita hivyo.

Utangulizi

Mgeni anayefika Songea kwa mara ya kwanza huelekezwa mahali pasipozidi vitano au sita. Huambiwa aende Makumbusho ya Majimaji akaone sanamu za wakuu wa vita na kaburi la pamoja. Huonyeshwa milima ya Matogoro upande wa mashariki, ambako Mto Ruvuma unaanzia. Hutajiwa mapango ya Chandamali, ambayo masimulizi ya wenyeji huyahusisha na Nduna Songea Mbano. Akiwa na nafasi hupelekwa Peramiho kuona kanisa la abasia ya Wabenediktini, na akiwa mpenzi wa kandanda atapitishwa kwenye Uwanja wa Majimaji.

Orodha hiyo si mbaya, ila imesahau jambo moja lililo wazi mno hata halionekani. Mgeni huyo amekuwa akitamka jina la marehemu tangu aliponunua tiketi ya basi. Songea ni jina la mtu kabla ya kuwa jina la mji, na mtu huyo alinyongwa na dola ileile iliyolifanya jina lake kuwa jina la kituo cha utawala. Ni nadra kupata mji wa Afrika Mashariki ambao mkoloni aliupa jina la adui wake kabla hajajua kwamba ni adui, akamuua mwenye jina, kisha akaendelea kulitumia jina hilo katika nyaraka zake zote.

Tafiti kuhusu Majimaji katika Ungoni zimeegemea zaidi upande wa siasa na dini. Kazi ya O. B. Mapunda na G. P. Mpangara iliyochapwa 1969 ilijengwa juu ya masimulizi ya wazee waliokuwa bado hai, na ni hazina isiyo na mbadala. John Iliffe na G. C. K. Gwassa waliiweka Ungoni ndani ya picha ya vita vizima. Hata hivyo, lugha yenyewe, yaani majina, vyeo na istilahi ambazo historia hiyo imepitishwa kwazo, haijapewa uzito unaostahili. Makala haya yanajaribu kuziba sehemu ya pengo hilo.

Boma lililochukua jina la jirani

Wangoni wa Songea ni wazao wa makundi yaliyotoka kusini mwa Afrika wakati wa misukosuko ya enzi za Shaka. Kundi la Zwangendaba lilivuka Mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya kifo cha kiongozi huyo huko Ufipa, mwishoni mwa muongo wa 1840, watu wake waligawanyika. Baadhi yao walishuka kusini-mashariki, wakawakuta Wangoni wa Maseko wamekwisha kutangulia, wakaishi nao, wakapigana nao na hatimaye kuwafukuza. Katika nchi waliyobaki nayo ziliinuka dola mbili: Njelu, iliyokuwa chini ya ukoo wa Gama, na Mshope, iliyokuwa chini ya ukoo wa Tawete. Kila dola ilikuwa na nkosi wake, na chini ya nkosi walikuwapo manduna waliotawala sehemu zao na kuongoza majeshi.

Songea Mbano alikuwa nduna wa Njelu. Hakuwa nkosi. Nguvu zake, hata hivyo, zilikuwa kubwa kiasi kwamba wageni wengi walimchukulia kuwa mtawala kamili. Wajerumani walipoingia Ungoni mwaka 1897, kwa kikosi kilichoongozwa na Engelhardt, walijenga boma karibu na makazi yake, na boma likaitwa kwa jina la jirani huyo. Ulikuwa utaratibu wa kawaida. Vituo vingi vya Wajerumani barani vilichukua jina la mtu, la mlima au la kijiji kilichokuwa karibu, kwa sababu afisa aliyetumwa alihitaji neno la kuandika juu ya barua yake.

Kilichotokea baadaye ndicho kisichokuwa cha kawaida. Jina lililotajwa kwa maana ya "kwa Songea" lilipoteza mwenye nyumba, likabaki nyumba. Wanaisimu huliita badiliko la namna hii uhamaji wa jina kutoka kwa mtu kwenda mahali, na katika lugha za Kibantu badiliko hilo kwa kawaida huacha alama ya kisarufi: kiambishi cha mahali, au "kwa" ya umilikishi. Katika neno Songea hakuna alama yoyote. Jina la mtu na jina la mji ni umbo moja, na ni muktadha pekee unaotofautisha "Songea alikataa" na "Songea ilikataa". Tofauti hiyo ndogo ya kiambishi cha upatanisho, a- kwa mtu na i- kwa mji, ndiyo inayomtenga marehemu na manispaa.

Nkosi, nduna, sultani, chifu

Lugha inayoitwa Kingoni katika Ungoni ya leo si lugha waliyokuja nayo wavukaji wa Zambezi. Katika mpangilio wa Guthrie imewekwa kundi la N, ikiwa N12, pamoja na majirani zake kama Kimatengo, mbali kabisa na lugha za Nguni za kundi la S. Washindi walioa, wakateka, wakazaa na wenyeji, na watoto wakazungumza lugha ya mama zao. Ndiyo hali iliyowapata washindi wengi duniani. Wanormandi waliitwaa Uingereza, na baada ya vizazi kadhaa wajukuu wao wakawa wanaongea Kiingereza.

Kilichobaki cha Kinguni ni kidogo, na kimejikusanya mahali pamoja: katika msamiati wa utawala na majina ya koo. Nkosi na nduna ni maneno yaleyale ya Kizulu inkosi na induna, yakiwa yamepoteza irabu ya mwanzo. Inafaa kuangalia wingi wake pia. Kizulu husema izinduna. Kiswahili cha Songea husema manduna, kwa kiambishi ma-, ambacho Kiswahili kimekizoea kwa vyeo vya watu vilivyokopwa, kama mabwana na masultani. Kwa hiyo neno moja, manduna, lina mzizi uliosafiri kutoka kusini mwa Limpopo na kiambishi cha Kibantu cha hapahapa, na linasikika likitamkwa kwa Kiswahili katika hotuba za kila mwezi Februari. Historia nzima ya kuchanganyika kwa Wangoni na wenyeji wao imo katika silabi tatu.

Wajerumani hawakuona haja ya tofauti kati ya nkosi na nduna. Katika utawala wao, kiongozi wa Kiafrika aliitwa sultani, neno walilolikuta pwani wakalipeleka bara pamoja na akida na jumbe. Waingereza walipoichukua Tanganyika na kuanzisha utawala wa kupitia wenyeji, walikuja na neno lao, na Kiswahili kikalikopa kuwa chifu. Hapo ndipo tatizo lilipo. Leo magazeti, mabango na hata hotuba za viongozi humwita marehemu "Chifu Songea Mbano". Neno hilo limevaa mavazi ya miaka ya 1920 na kuendelea: mshahara wa serikali, baraza, kodi na cheti. Kumvika vazi hilo mtu aliyeuawa mwaka 1906 ni kumhamisha kutoka katika mfumo wa kijeshi wa Njelu na kumwingiza katika mfumo ambao hakuuona.

Athari yake si ya istilahi tu. Songea akiitwa chifu, msikilizaji asiyejua huhitimisha kwamba ndiye aliyekuwa mkuu wa Wangoni. Mputa Gama, nkosi wa Njelu, ambaye naye alinyongwa, anageuka kuwa jina mojawapo katika orodha. Mputa ndiye aliyekuwa juu ya Songea kwa cheo. Masimulizi yaliyokusanywa na Mapunda na Mpangara yanaeleza jinsi kuchomwa kwa kibanda chake cha mahoka, yaani mizimu ya wahenga, na mmisionari kulivyokuwa miongoni mwa machungu yaliyotangulia vita. Hakuna mji uliopewa jina lake. Chabruma, nkosi wa Mshope, ambaye ndiye aliyeyapokea maji kwanza kutoka kwa mjumbe Omari Kinjala, alipigana muda mrefu kuliko wengine, akavuka Ruvuma na kuuawa katika ardhi iliyokuwa ya Wareno. Naye kaburi lake haliko Songea. Utukufu katika kumbukumbu za mji umegawanywa kwa kufuata mahali Engelhardt alipojenga boma. Cheo cha mtu wakati wa uhai wake hakikuhesabiwa.

Kaburi la pamoja

Maji yalifika Ungoni baada ya vita kuwa vimekwisha kuwaka upande wa Matumbi na Rufiji mnamo Julai 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyehusishwa na dawa hiyo tangu mwanzo, alinyongwa Mohoro mapema Agosti, kabla Ungoni haijaingia vitani mwezi Septemba. Wangoni walikuwa na mbinu zao za kivita na sifa ya muda mrefu, lakini walipambana na bunduki za rashasha. Mwishoni mwa Novemba Meja Johannes aliingia Songea na jeshi lake, na kuanzia hapo vita vikawa vya kuchoma vijiji na kuharibu chakula. Maofisa wa Kijerumani waliokuwa Songea hawakulificha lengo lao. Waliona kwamba njaa ingemaliza kile ambacho risasi haikukimaliza, na wakaiacha imalize. Makadirio ya Wajerumani yalikuwa kwamba watu wapatao 75,000 walikufa katika vita vizima. Gwassa aliikadiria idadi hiyo kuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa na maradhi.

Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni waliokamatwa walinyongwa Songea na kuzikwa katika shimo moja. Kumbukumbu za kila mwaka zinawataja mashujaa 67. Padre Johannes Häfliger wa misheni alikwenda kwa wafungwa kabla ya kunyongwa na kuwabatiza waliokubali, na kwa sababu hiyo baadhi yao waliingia kaburini wakiwa na majina mawili, la Kingoni na la ubatizo, ingawa jiwe la kaburi halihitaji kuliweka wazi jambo hilo.

Songea Mbano hayumo katika shimo hilo. Masimulizi ya mjini yanasema kwamba Wajerumani walikuwa tayari kumwachia, naye akakataa kuishi ilhali wenzake wameuawa, akadai anyongwe kama wao. Alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Simulizi hii ina sura inayofahamika katika fasihi simulizi: shujaa anayepewa nafasi ya kuokoka na kuikataa. Mtafiti mwenye haraka anaweza kuitupa kwa sababu hiyo. Itakuwa ni kosa. Kuwapo kwa kaburi la pili, lililotengwa na la kwanza, ni jambo la ardhi na mawe, na simulizi inafanya kazi ya kulieleza. Bila simulizi, makaburi mawili yangekuwa na maana moja tu: kwamba aliyeua alipanga nani azikwe na nani. Pamoja na simulizi, utengano huo unakuwa uamuzi wa marehemu. Wazee wa Songea waliuchukua mpangilio wa mnyongaji na kuugeuza kuwa tendo la mnyongwaji, kwa maneno matupu, bila kuhamisha jiwe hata moja.

Masimulizi yanamtaja pia Mkomanile, mwanamke aliyekuwa kiongozi upande wa Mshope, kuwa mwanamke pekee miongoni mwa walionyongwa. Nafasi yake inaibua swali la kisarufi ambalo halijaulizwa vya kutosha. Kiswahili hakina jinsia katika nomino wala katika viambishi vya nafsi, kwa hiyo "mashujaa walinyongwa" inambeba Mkomanile bila kumtaja. Hiyo ni neema ya lugha, na vilevile ni hatari yake. Katika orodha ndefu ya majina ya wanaume, mtu asiyetajwa waziwazi kuwa mwanamke hupotea, na ndiyo maana waandaaji wa kumbukumbu hulazimika kuongeza neno "mwanamke" baada ya cheo chake.

Makumbusho yenyewe yalifunguliwa mwaka 1980 na tangu 2010 yamekuwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Hadi hapo yalikuwa mali ya mkoa kwa kila maana, nayo kumbukumbu ilikuwa mikononi mwa wazee wa Ungoni. Kuingia katika shirika la taifa kumeleta uangalizi wa kitaalamu, na pamoja nao lugha ya taifa. Songea sasa ni shujaa wa Tanzania. Hakuna anayelalamikia hilo, ila ukweli ni kwamba alipigania Njelu.

Kata, mitaa na uwanja

Majina ya kata za Manispaa ya Songea yanafaa kusomwa kama tabaka za udongo. Lilambo na Ndilimalitembo ni ya lugha za hapa, na katika Lilambo kiambishi li- cha ngeli ya tano, ambacho Kiswahili kimekiacha katika nomino zake nyingi, kinaonekana waziwazi, kama kinavyoonekana katika lizombe, ngoma maarufu ya Ungoni. Majengo, Misufini, Mjimwema na Bombambili ni Kiswahili cha mjini, kile kinachoupa mtaa jina kutokana na kilichopo machoni: nyumba, misufi, mabomba ya maji. Seedfarm limebaki na Kiingereza chake bila kutoholewa, na wakazi hulitamka kwa raha zao. Mfaranyaki ni jina la mmoja wa wakuu wa Wangoni wa wakati wa vita, ambaye kwa njia hii amepata kile ambacho Mputa Gama hakukipata.

Neno Majimaji lenyewe limesafiri mbali. Katika Kiswahili cha kawaida, uradidi wa nomino hii huzaa kivumishi: kitu cha majimaji ni kitu chenye unyevunyevu, kisichokauka. Katika vita uradidi ulikuwa mwito, na baadaye ukawa jina la vita vyote. La kushangaza ni kwamba mwito huo ulikuwa wa Kiswahili. Waliouitikia walikuwa Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine wengi, ambao nyumbani hawakuongea Kiswahili. Iliffe amesisitiza namna itikadi ya maji ilivyovuka mipaka ya makabila. Upande wa lugha wa hoja hiyo ni kwamba itikadi hiyo ilihitaji neno lisilo la kabila lolote kati yao, na neno hilo lilitoka katika lugha ya njia za misafara. Kiswahili kiliunganisha watu wa kusini dhidi ya Wajerumani kabla ya kuwaunganisha Watanganyika dhidi ya Waingereza.

Leo mwito huohuo husikika Songea siku za mechi, kwa ajili ya timu ya Majimaji, "Wanalizombe", katika uwanja wenye jina hilohilo. Wapo wanaoona huko ni kulishusha neno. Lakini neno linalopigiwa kelele na maelfu ya vijana lina maisha kuliko lile linalosomwa kwenye kibao mara moja kwa mwaka.

Mto na daraja

Ruvuma huanzia Matogoro, hutiririka kuelekea magharibi, hugeuka kusini hadi mpakani, kisha hugeuka tena na kwenda mashariki mpaka Bahari ya Hindi. Anayetoka Songea kwenda Mbinga huuvuka ukiwa bado mto wa wilaya. Mamia ya kilomita chini yake, mto huohuo ni mpaka wa mataifa mawili, nao Wareno waliuandika Rovuma. Ubadilishanaji wa sauti katika majina ya mito ya eneo hili ni wa kawaida: Luhira na Ruhila huandikwa kwa zamu hata katika nyaraka rasmi za mji, kwa sababu l na r havitofautishi maana katika lugha nyingi za hapa.

Mto huo ndio aliouvuka Chabruma akikimbia. Ndio pia waliouvuka wapiganaji wa FRELIMO miaka ya 1960, safari hiyo wakiwa na bunduki na wakielekea kusini. Kwa zaidi ya karne moja kuuvuka Ruvuma kulikuwa tendo la mkimbizi au la mpiganaji, kwa mtumbwi au kwa miguu kiangazi. Tarehe 12 Mei 2010 Rais Jakaya Kikwete na Rais Armando Guebuza walizindua daraja lenye urefu wa mita 720 kati ya Mtambaswala na Negomano, nalo likaitwa Daraja la Umoja.

Jina hilo linastahili kulinganishwa na mengine. Juu ya Rufiji, mto ambao habari za maji zilianza kando yake, limejengwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003 na kupewa jina la rais aliyekuwa madarakani. Juu ya Ruvuma limewekwa jina la dhahania. Umoja ni neno la siasa ya baada ya uhuru, na ni neno zuri, lakini halina simulizi ndani yake. Hakuna mzee atakayekaa chini ya mti kueleza Umoja alikuwa nani, alimkatalia nani na alizikwa wapi. Lugha ya majina rasmi nchini imekuwa ikienda upande huu: Umoja, Uhuru, Muungano, Amani. Songea, mji, unasimama kinyume cha mwelekeo huo kwa bahati tu, kwa sababu jina lake lilitangulia.

Fasihi iliyobaki Rufiji

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili anayetaka kuijua Majimaji hufundishwa kwanza tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, iliyochapwa 1969, mwaka uleule wa kitabu cha Mapunda na Mpangara. Tamthilia hiyo iko Rufiji. Mgogoro wake mkuu ni wa mtu mmoja na neno alilolitoa, ambalo limekuwa kubwa kuliko yeye. Kabla yake kulikuwapo utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu vita hivyo, uliohaririwa na W. H. Whiteley na kuchapwa 1957, ambao mtunzi wake aliiona vita kutoka Lindi, akiwa Mswahili wa mji wa pwani, na hakuwa na mapenzi makubwa kwa wapiganaji wa bara.

Kazi hizo mbili zimeifanya fasihi ya Majimaji kuwa fasihi ya chanzo na ya pwani. Ungoni, ambako vita vilikuwa na majeshi, vyeo na mahakama ya kunyonga, haina kazi ya Kiswahili yenye hadhi ya hizo mbili katika mitaala. Matokeo yake ni mgawanyo wa ajabu: Rufiji ina tamthilia, Songea ina makaburi. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anaweza kujadili dhamira za Kinjeketile kwa kurasa kumi bila kujua kwamba kuna kaburi la pamoja Songea, na mwanafunzi wa Songea anaweza kupita kando ya kaburi hilo kila asubuhi akielekea darasani kusoma habari za Rufiji.

Sababu moja ni ya lugha. Masimulizi ya Ungoni yalikusanywa kwa bidii mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati wa mradi wa utafiti wa Majimaji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini kazi zilizochapishwa kutokana na juhudi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Mzee alisema nkosi, nduna, mahoka. Msomaji akapewa paramount, sub-chief, spirits. Wanahistoria walipata walichokihitaji. Waandishi wa tamthilia na riwaya hawakupata, kwa sababu mwandishi hula maneno yenyewe. Hussein alikuwa na Kiswahili cha kusini karibu naye. Atakayeandika tamthilia ya Ungoni atalazimika kwanza kuzitafuta upya sauti zilizokwisha kutafsiriwa.

Kichwa kisichokuwepo

Inasemekana Songea kwamba kaburi la Nduna lina mwili bila kichwa, kwa kuwa kichwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Ukusanyaji wa mafuvu kutoka Afrika Mashariki kwa ajili ya taasisi za Berlin ni jambo lililothibitishwa. Uchunguzi uliofanyiwa mafuvu yapatayo 1,135 ya mkusanyiko mmoja ulionyesha kwamba 202 yalitoka sehemu ambayo leo ni Tanzania, na Septemba 2023 ilitangazwa kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata jamaa walio hai wa baadhi ya marehemu hao, upande wa Kilimanjaro. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na wazao wa Mbano katika makumbusho na kuomba msamaha. Aliahidi kwamba kichwa kitatafutwa kwa ushirikiano. Hakuahidi kwamba kitapatikana.

Katika mazungumzo ya kiserikali kichwa hicho huitwa "mabaki ya binadamu". Istilahi hiyo ni tafsiri, na Kiswahili hakiipokei kwa urahisi. Mabaki ni kilichosalia baada ya kutumika: mabaki ya chakula, mabaki ya kitambaa. Wazee wa Songea husema kichwa, na huunganisha neno hilo na kitenzi kuzika. Hawasemi kurejesha.

Ipo pia shida inayotokana moja kwa moja na historia ya jina. Mafuvu yaliyohifadhiwa Ulaya hutambulishwa kwanza kwa kile kilichoandikwa na aliyeyakusanya, na mara nyingi kilichoandikwa ni jina la kituo. Karatasi yenye neno "Songea" tu ingeweza kumaanisha mtu yeyote aliyekufa katika wilaya nzima iliyotawaliwa kutoka katika boma lile, tangu 1897 hadi Wajerumani walipoondoka. Ingeweza pia kumaanisha mtu mmoja tu. Kijerumani hakina viambishi vya upatanisho vya a- na i- ambavyo vingemwonyesha msomaji ni Songea yupi.